Ndoo Mbili: Yale Mwosha Gari Anaweza Kutufundisha Nyumbani

Somo letu la safari hii ni usafi wa nyumba. Tunajua wengine mtasema, "Ah, usafi tena?" Ngojeni kidogo. Mwalimu wa somo hili si afisa wa afya wala si mwalimu wa shule. Ni kijana anayeosha magari kando ya barabara.

Kiongozi wa kikundi asome kwa sauti sehemu moja moja, kisha wanakikundi wazungumze kabla ya kuendelea. Mwisho kuna maswali na kazi ya kufanya nyumbani.

MAMA NA KIJANA

Ukitoka Embu kwenda Meru, kupitia Runyenjes na Chuka, karibu kila soko lina mahali pa kuoshea magari. Si ajabu. Udongo wetu wa miteremko ya Mlima Kenya ni mwekundu na hushika. Mvua ikinyesha ni tope, jua likiwaka ni vumbi. Matatu, pikapu za majani chai, Probox za miraa, zote hufika zimebadilika rangi.

Mama mmoja, mweka hazina wa kikundi tunachokitembelea, alikuwa amepanda pikapu iliyobeba mbolea ya kikundi. Baada ya kushusha mzigo, dereva akasema lazima gari lioshwe kwanza ndipo warudi. Mama akaketi juu ya jiwe akiangalia. Kijana aliyeosha alitumia mitungi mitatu ya maji, ndoo mbili na matambara manne. Kabla ya saa moja kwisha gari lilikuwa linang'aa, ndani na nje.

Mama akajiambia, "Mimi sebule peke yake inamaliza mitungi minne, na ukuta unabaki na michirizi." Akamwita: "Kijana wangu, nyumbani kwenu ni nani anaosha nyumba?"

Kijana akainama kidogo. "Ni mama."

"Na yeye anajua hii kazi kama wewe?"

"Sijawahi kumwonyesha, mama."

Mazungumzo hayo mafupi ndiyo yaliyozaa somo hili. Mama alimwalika yule kijana na wenzake wawili kwenye mkutano wa kikundi, nasi tukaalikwa pia. Tulikaa, tukaangalia, tukaandika. Na sisi wenyewe tulikosea mahali, kama mtakavyosoma.

KANUNI SABA ZA MWOSHA GARI

Tulidhani siri ni sabuni. Kumbe siri ni mpango wa kazi. Vijana wale hufuata kanuni saba, na zote zinafaa nyumbani bila kununua chochote.

1. Anza juu, maliza chini. Maji machafu hayapandi, yanashuka. Mwosha gari huanza na paa, kisha vioo, kisha milango, na magurudumu huja mwisho. Nyumbani wengi wetu huanza na sakafu, halafu tunapanguza madirisha na kutoa utando wa buibui. Uchafu unaanguka juu ya sakafu safi, na kazi inarudiwa. Anza na dari na kona za juu, kisha kuta, madirisha, viti, na sakafu iwe ya mwisho.

2. Ondoa mchanga kabla ya kusugua. Tope lina chembe ndogo za mawe. Ukisugua tope kavu juu ya rangi ya gari, unaikwaruza kama kwa msasa. Ndiyo sababu gari humwagiwa maji kwanza. Nyumbani, toa vumbi kwa brashi laini au tambara lenye unyevu kidogo kabla ya kutia sabuni. Meza nyingi zimepoteza mng'ao kwa sababu ya mchanga uliosuguliwa pamoja na sabuni, si kwa sababu ya uzee.

3. Ndoo mbili. Hii ndiyo kanuni kubwa. Ndoo moja ina maji ya sabuni. Ya pili ina maji matupu. Chovya tambara kwenye sabuni, panguza, kisha lisuuze kwenye ndoo ya maji matupu na likamue kabla ya kurudi kwenye sabuni. Kwa njia hii sabuni inabaki safi mpaka mwisho. Ukiwa na ndoo moja tu, baada ya dakika kumi unapaka uchafu wa sebuleni kwenye ukuta wa chumbani. Tena unaokoa maji. Bomba likiachwa wazi huweza kumwaga zaidi ya lita 10 kwa dakika moja, lakini ndoo mbili za lita 10 zinatosha chumba kizima.

4. Kila mahali na tambara lake. Tambara la magurudumu haligusi kioo, maana lina mchanga na grisi. Nyumbani sababu ni nzito zaidi, yaani ugonjwa. Tambara la choo lisiingie jikoni hata siku moja. Kata matambara ya rangi tofauti na wote nyumbani wajue: kwa mfano jekundu la choo, buluu la madirisha, jeupe la jikoni. Hata mtoto asiyejua kusoma ataelewa.

5. Ipe sabuni nafasi ifanye kazi. Mwosha gari akikuta kinyesi cha ndege au lami, hakwanguri. Analowesha, anaacha dakika chache, ndipo anafuta. Masizi ya ukutani na mafuta yaliyoganda kando ya jiko yanataka hivyo hivyo. Weka tambara lenye maji moto na sabuni juu ya doa, ngoja dakika tano, halafu futa. Ni mkono wako na mgongo wako unaokoa.

6. Sehemu moja kwa wakati, na kivulini. Sabuni ikikauka juu ya gari huacha alama nyeupe. Kwa hivyo huoshwa mlango mmoja, husuuzwa, ndipo wa pili. Ukutani fanya kipande cha kadiri ya mkono wako ulivyonyooka, suuza, kausha, kisha endelea.

7. Jaribu mahali pasipoonekana. Kabla ya kutia dawa mpya kwenye kiti cha gari, kijana hujaribu chini ya kiti. Wewe jaribu nyuma ya kochi au nyuma ya mlango. Ngoja pakauke. Rangi ikitoka, umeharibu pahali padogo tu.

KAZI KWA KAZI

Madirisha. Tumia matambara mawili, moja la maji na moja kavu. Maji yenye siki kidogo huondoa alama za maji yaliyokauka. Halafu kuna ujanja uliotufurahisha sana: upande wa ndani kausha kwa kwenda kushoto na kulia, upande wa nje kwa kwenda juu na chini. Michirizi ikibaki utajua mara moja iko upande gani. Wangapi kati yetu wamezunguka nyumba mara tatu wakitafuta doa lililo upande ule mwingine?

Pembe na nafasi nyembamba. Mswaki wa zamani na brashi ndogo ya rangi ndizo zana za kusafisha matundu ya dashibodi. Nyumbani zinafaa kwenye fremu za madirisha, wavu wa mbu na maua ya kuchonga kwenye viti. Karibu na soketi na swichi za stima tumia brashi kavu tu, kamwe si maji.

Makochi na magodoro. Hapa ndipo wengi huharibu mali. Watu humwaga maji, kochi linalowa mpaka ndani ya sponji, halikauki, linaanza kunuka na kuota ukungu. Waosha magari wana neno lao: "Povu tu, si maji." Koroga sabuni kidogo ndani ya bakuli mpaka povu lijae. Chota povu peke yake kwa brashi. Sugua mahali padogo kama sahani, futa kwa tambara lenye unyevu, kisha kwa tambara kavu. Endelea na sahani nyingine. Kabla ya hayo yote, toa vumbi kwa kupiga na kupiga brashi, ukiwa nje kama inawezekana. Chagua siku ya jua na uanze asubuhi. Miezi ya Juni hadi Agosti, wakati wa baridi na ukungu huku kwetu mlimani, ni afadhali kungoja.

Meza na viti vya mbao. Wengi wetu tuna bahati ya kurithi fanicha ya muuru, ule mti ambao watu wa mbali huuita mwaloni wa Meru ingawa si mwaloni. Mbao kama hii haitaki maji mengi wala sabuni kali. Tambara lenye unyevu, tambara kavu, kisha nta. Tutaeleza nta hapa chini.

Sakafu. Kama sakafu ni ya simiti, ifagie, ioshe kwa ndoo mbili, iache ikauke kabisa, ndipo upake polishi ya sakafu nyembamba na kung'arisha. Kama sakafu ni ya udongo, nyunyizia maji kidogo kabla ya kufagia ili vumbi lisipande hewani na kuingia vifuani mwa watoto. Mwosha gari hukusanya vumbi la ndani ya gari, halirushi. Na kumbukeni ya kwamba funza na viroboto hupenda vumbi kavu. Sakafu iliyotunzwa ni kinga ya miguu.

Jikoni. Sinki, bomba na friji kwa nje zinaweza kuoshwa kwa sabuni ya gari. Vyombo vya kulia haviwezi. Sufuria iachiwe sabuni ya vyombo, au jivu laini lililochekechwa kama mama zetu walivyofanya. Jivu lina magadi yanayokata mafuta na chembe ndogo za kusugua. Vikombe vilivyoshika rangi ya chai husafishika kwa jivu hilo hilo na tambara lenye maji.

Paneli ya sola. Hii ni kioo kama cha gari, na vumbi likijaa juu yake taa zinakuwa hafifu usiku. Ioshe mapema asubuhi kabla ya jua kuwaka. Maji baridi juu ya kioo chenye moto yanaweza kukipasua. Tumia maji mengi na tambara laini, usitumie jivu wala brashi ya waya. Usikanyage paneli, na anayepanda ngazi awe na mtu wa kuishika.

DAWA ZA GARI: ZIPI ZIINGIE, ZIPI ZIBAKI NJE

Tuliwaomba vijana waje na kila chupa wanayotumia. Tukazipanga mezani, tukasoma vibandiko, na tukagawa mafungu matatu.

Zinazoweza kuingia. Shampuu ya gari ni sabuni pole. Inafaa kuta zilizopakwa rangi ya mafuta, milango, taili na viti vya plastiki. Ni kidogo sana kwa ndoo moja; fuata kipimo cha kwenye kibandiko. Vitambaa vya maikrofaiba vinashika vumbi vizuri kuliko shati kuukuu, na hufuliwa na kutumika tena mara nyingi. Usivifue pamoja na sweta, maana hushika manyoya. Nta ya gari inafaa kwa bomba, taili za ukuta wa bafu na friji kwa nje. Maji huteleza na uchafu haushiki haraka.

Zinazoweza kuingia kwa uangalifu. Dawa ya vioo ni nzuri, lakini usinyunyizie juu ya televisheni au simu. Nyunyiza kidogo kwenye tambara kwanza. Dawa ya viti vya kitambaa ni nzuri kwa makochi, madirisha yakiwa wazi.

Zibaki nje kabisa. Dawa ya kuosha injini, dawa ya rimu yenye asidi, petroli, na polishi ya matairi. Asidi hula simiti na terazo. Sakafu inabaki na vishimo ambavyo hakuna polishi itakayoviziba. Petroli hutoa mvuke usioonekana. Mvuke huo hutambaa chini mpaka kwenye jiko la makaa lililo chumba cha pili, na moto unarudi nao. Usitoe doa la nguo au la kochi kwa petroli ndani ya nyumba, hata kama uliona fundi akifanya hivyo gereji.

KOSA LETU

Sasa tuseme ukweli. Siku ile ya mafunzo mmoja wetu wa ofisini aliona polishi ya matairi inavyong'aa, akasema, "Si hii ingependeza kwenye sakafu nyekundu?" Vijana wale walisita, lakini ni nani atabishana na mgeni? Tukapaka pembe moja ya sebule ya mwenye nyumba. Iling'aa kama kioo. Tukapiga makofi.

Baada ya chakula, nyanya wa nyumba hiyo akapita kwenda jikoni na fimbo yake. Fimbo ikateleza kwanza, kisha mguu. Tulimdaka, lakini goti lake liligonga sakafu, na kwa majuma mawili alitembea kwa shida. Polishi ile imetengenezwa kwa silikoni ili tairi lisishike uchafu. Kitu kisichoshika uchafu hakishiki mguu pia. Mzee akivunjika nyonga anaweza asisimame tena.

Tulirudi kuomba radhi. Nyanya akatuambia, "Watoto wangu, kung'aa si kazi. Kazi ni mtu apite salama." Tumeyaweka maneno hayo hapa kwa sababu yanatosha kuwa somo lote. Kuiondoa polishi hiyo kulituchukua asubuhi nzima kwa maji moto, sabuni na brashi, tukarudia mara tatu.

Tuna jambo lingine la kujifunza hapo. Vijana walijua, wakanyamaza kwa heshima. Katika kikundi anayejua kazi apewe nafasi ya kusema "hapana", hata kama ni mdogo wa wote.

SUMU: MAMBO MANNE YA KUKARIRI

Kwanza, usichanganye dawa. Dawa ya klorini, ile ambayo wengi huiita Jik, ikichanganywa na dawa ya choo yenye asidi, au na siki au ndimu, hutoa gesi ya klorini. Gesi hiyo ndiyo iliyotumika kama silaha ya vita huko Ypres, Ubelgiji, mwaka wa 1915. Choo kidogo kisicho na dirisha kinaweza kukuangusha. Pia usiichanganye na dawa yoyote yenye amonia. Ukisikia macho na koo vinawasha, toka nje upesi upate hewa safi.

Pili, usiweke dawa kwenye chupa ya soda. Vijana hununua shampuu kwa galoni na kugawana kwa chupa ndogo. Mtoto akiona chupa ya soda anajua ni soda. Ni vile vile na mafuta ya taa. Mtoto akimeza mafuta ya taa au dawa ya gari usimtapishe, maana kinaweza kuingia mapafuni. Mpeleke hospitali mara moja na ubebe chupa yenyewe ili daktari aione.

Tatu, dawa ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali. Usingoje kesho.

Nne, weka dawa zote juu, mahali ambapo mtoto hafiki, mbali na unga na chumvi.

NTA YETU WENYEWE

Nta ghali ya magari hutengenezwa kwa majani ya mti fulani wa Brazili, wa jamii ya minazi. Lakini sisi tuko jirani na Mbeere na Tharaka, ambako mizinga imening'inia mitini tangu enzi za babu zetu. Wengi hukamua asali na kutupa nta. Hiyo ni pesa inatupwa.

Kutengeneza polishi ya mbao: chukua kipimo kimoja cha nta safi ya nyuki na vipimo vinne vya mafuta ya mimea. Weka nta ndani ya mkebe mkavu, na mkebe ndani ya sufuria yenye maji moto. Usiweke mkebe moja kwa moja juu ya moto, maana nta hushika moto kama mafuta. Nta huyeyuka kabla maji hayajachemka, kwenye joto la nyuzi kama 63. Ikishayeyuka toa sufuria motoni, tia mafuta, koroga, na uache ipoe. Inakuwa laini kama jeli ya kupaka.

Paka kidogo sana kwa tambara, ngoja nusu saa, kisha sugua kwa tambara kavu mpaka mkono usishike mafuta. Ukipaka nyingi itanata na kuvuta vumbi. Ni ya meza, viti na milango. Si ya sakafu! Mkumbuke nyanya.

MAJI MACHAFU YANAENDA WAPI?

Swali hili linawagusa waosha magari kwanza. Wengi wamezoea kushuka mtoni: Rupingazi pale Embu, Kathita pale Meru. Gari likioshwa mtoni, mafuta na grisi huenda na maji mpaka kwa jirani wa chini anayechota ya kunywa. Sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999 na kanuni za ubora wa maji zinakataza kuchafua mito. Lakini hata bila sheria, mtu wa chini ni ndugu yetu.

Nyumbani, maji ya sabuni pole yanaweza kumwagwa kwenye shimo lenye kokoto au kwenye migomba, mbali na kisima na mto. Yasimwagwe kwenye mboga zinazoliwa mbichi. Maji yenye grisi, klorini au asidi yasiende shambani kabisa.

JE, KIKUNDI KINAWEZA KUPATA KITU?

Ndiyo, lakini tupige hesabu kwanza. Watu wengi wa mjini, walimu, wafanyakazi wa hospitali na wenye nyumba za wageni wanataka makochi na mazulia yao yaoshwe, hasa kabla ya Krismasi na harusi. Kijana mwenye ujuzi na mama anayeaminika kuingia nyumba ya mtu wakifanya kazi pamoja, huo ni mtaji.

Tuseme mnaosha makochi ya nyumba moja. Namba hizi ni za mfano tu, wekeni zenu. Sabuni shilingi 60. Maji shilingi 40. Nauli ya bodaboda shilingi 100. Kuchakaa kwa brashi na matambara shilingi 20. Jumla shilingi 220. Malipo ya watu wawili kwa nusu siku, shilingi 300 kila mmoja, ni 600. Gharama yote ni shilingi 820. Mkitoza 1,000, sanduku la kikundi linapata 180. Mkitoza 700 kwa sababu "ni jirani", kikundi kimelipa 120 ili jirani aoshewe. Vikundi vingi vimekufa kwa njia hiyo, vikiwa na kazi tele na sanduku tupu.

Andikeni kila kazi kwenye daftari: tarehe, nyumba, gharama, malipo. Kabla ya kuanza, angalieni kochi pamoja na mwenye nyumba, mwonyeshe kila doa na kila mshono uliokatika. Bila hivyo mtalipia uharibifu ambao si wenu.

Na jambo la mwisho. Tumewahi kusikia wazee wakisema vijana wa kuosha magari ni watu wa kukaa barabarani tu. Somo hili limetuonyesha vingine. Kijana yule ana ujuzi, ana mpangilio, anajua dawa ipi inaua na ipi inasaidia. Kilichokosekana ni mtu wa kumuuliza. Vile vile wengine wetu tulimlea tukimwambia kuosha nyumba ni kazi ya dada zake, halafu tukashangaa mikono yake inapata nguvu kwa gari la mtu na si kwa nyumba ya mama yake.

Tulipita kwao mwezi uliofuata. Ndoo mbili zilikuwa mlangoni, moja ya bluu na moja ya kijani. Mama yake alituambia, "Jumamosi sasa tunaosha pamoja. Yeye juu, mimi chini. Tunamaliza kabla chai haijapoa." Kijana alikuwa ndani juu ya kiti, anapanguza kona ya dari. Hakutuona tukiingia.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Ni kanuni gani kati ya zile saba tunayoivunja kila siku nyumbani kwetu? Kwa nini?
2. Dawa zetu za kuoshea na mafuta ya taa tunaweka wapi? Mtoto wa miaka miwili anaweza kufika?
3. Ni vijana gani katika kijiji chetu wana ujuzi ambao hatujawahi kuwauliza?
4. Kazi za usafi nyumbani kwetu zinafanywa na nani? Zinaweza kugawanywa vipi bila ugomvi?
5. Maji yetu machafu yanamfikia nani?

KAZI YA MWEZI

Kila mwanakikundi achague chumba kimoja, akioshe kwa ndoo mbili kuanzia juu hadi chini. Ahesabu mitungi ya maji aliyotumia na muda aliochukua, alinganishe na zamani, na alete hesabu hiyo kwenye mkutano ujao. Pia kila mmoja akague chupa zote za dawa nyumbani, na iliyo kwenye chupa ya soda ihamishwe siku hiyo hiyo, iandikwe jina na iwekwe juu.

Tutakapokuja tutauliza. Hatutakuja kukagua nani ana nyumba inayong'aa, bali kama watu wanapita salama ndani yake. Mpaka safari ijayo, kaeni vyema.